Mpenzi wa anga za juu si mpiga debe

Januari 2018, Scott Tilley, mpenzi wa redio wa British Columbia nchini Canada ambaye halipwi na yeyote kwa kazi hiyo, alikuwa akisaka mawimbi ya setilaiti ya siri ya Marekani iliyorushwa wiki mbili kabla. Hakuipata. Alinasa kitu kingine. Alipochunguza jinsi masafa ya mawimbi yale yalivyobadilika chombo kilipokuwa kikija na kilipokuwa kikienda zake, akayalinganisha na njia za setilaiti zinazojulikana, akabaki na jina moja: IMAGE. Hiyo ni setilaiti ya NASA iliyorushwa Machi 2000 kuchunguza uga wa sumaku unaoizunguka Dunia, ikanyamaza Desemba 2005, na wenyewe wakaihesabu imekufa. Siku kumi baada ya Tilley kuisikia, NASA ilithibitisha kuwa ni yenyewe.

Kisa hiki tunakipenda sana sisi tunaojitolea kueneza habari za anga za juu, ila tunakisimulia vibaya. Tunakifanya hadithi ya bahati: mtu wa kawaida, chumba chake, muujiza. Bahati ilikuwepo, sikatai. Lakini Tilley alikuwa na antena, alikuwa na programu ya bure iliyoandikwa na mpenzi mwenzake, na alikuwa na mazoea ya muda mrefu ya kusikiliza vitu ambavyo hakuna aliyemtuma avisikilize. Setilaiti ile ilikuwa ikipita juu ya vichwa vya watu wengi. Waliokuwa na haki ya kuisikiliza walikuwa wameshaacha.

Naona kuna tofauti hapa ambayo siku hizi inafifia. Yuko mtu wa kujitolea anayempa mwenzake kitu cha kufanya: tazama hapa, sikiliza hiki, hebu pima hii. Na yuko anayepeleka sifa: roketi kubwa kuliko zote, picha kali kuliko zote, safari ya kwanza ya aina yake. Huyu wa pili, hata moyo wake ukiwa safi kabisa, ni mpiga debe. Mashirika ya anga za juu na kampuni za roketi yana idara nzima za mawasiliano, zenye wapiga picha, waandishi na bajeti, kwa hiyo hayana upungufu wa wapiga debe. Wenye upungufu ni watu ambao wameona video zote hizo na bado hawajui kwa nini Mwezi hubadilika umbo.

Ukiangalia tulikotoka, wapenzi wa anga waliheshimiwa pale walipokuwa na kazi mkononi. Mwaka 1956 Fred Whipple, aliyekuwa akiongoza kituo cha uchunguzi wa nyota cha taasisi ya Smithsonian, alianzisha mpango wa Moonwatch kwa ajili ya setilaiti ambazo zilikuwa bado hata hazijarushwa. Walimu, wanafunzi na watu wa kazi zao nyingine walikaa safu moja, kila mmoja na darubini ndogo iliyolenga kipande chake cha anga, vipande vikipandana kidogo pembeni ili pasiwe na mwanya. Atakayeona nukta ya mwanga ikikatiza mstari anapaza sauti, na saa inaandikwa. Sputnik iliporuka tarehe 4 Oktoba 1957, kamera kubwa zilizokusudiwa kufuatilia setilaiti zilikuwa hazijakamilika. Safu zile za watu wa kujitolea zikawa miongoni mwa macho ya mwanzo ya kutegemewa. Mpango wenyewe ulidumu hadi 1975.

Kisa cha pili ndicho kinachonifurahisha zaidi. Katika shule ya Kettering Grammar nchini Uingereza, mwalimu wa fizikia Geoffrey Perry na wanafunzi wake walikuwa wakifuatilia setilaiti za Kisovieti kwa redio. Mwaka 1966 waligundua kwamba Kosmos 112 haikufuata njia ambayo ingeifuata kama ingerushwa kutoka Baikonur, kituo kilichokuwa kikijulikana. Baadaye mwaka huohuo kikaja chombo kingine chenye tabia kama hiyo. Walichora njia zote mbili kwenye ramani, na mistari ikakatana kaskazini mwa Urusi, karibu na Plesetsk. Walikuwa wamekiona kituo cha kijeshi ambacho Moscow haikukitaja hadharani hadi 1983. Siri ya dola kubwa, ubaoni, kwenye shule ya wavulana.

Sidai kwamba kila mpenzi wa anga afichue siri za madola. Wengi wetu tutakufa bila kugundua chochote, na hilo halipunguzi kitu. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi aliyewahi kuchora mstari mmoja wa aina ile anaijua obiti, yaani njia ya chombo kinachoizunguka Dunia, kwa namna ambayo aliyetazama video mia hataijua.

Mshangao pia huchuja haraka kuliko tunavyopenda kukubali. Julai 1969 mamia ya mamilioni ya watu walikesha wakitazama binadamu akikanyaga Mwezi. Aprili 1970, haijapita hata miezi kumi, wanaanga wa Apollo 13 wakiwa njiani kwenda kulekule walifanya matangazo ya televisheni wakionyesha wanavyoishi ndani ya chombo, na vituo vikubwa vya Marekani havikuyarusha moja kwa moja. Dakika chache baada ya matangazo hayo kumalizika, tangi la oksijeni likapasuka. Dunia ikarudi mbele ya televisheni, safari hii kutazama kama watu watatu watakufa. Sijui tuwalaumu watazamaji kwa lipi. Hawakuwa wamepewa jukumu lolote isipokuwa kushangaa, na mtu aliyekwishashangaa jambo mara mbili ana haki ya kubadilisha idhaa.

Ndiyo maana napenda darubini kuliko skrini, ingawa skrini ina picha nzuri zaidi, tena kwa mbali. Ukimwonyesha mtu sayari ya Zohali kwa mara ya kwanza, si ajabu akainua kichwa, akazunguka hadi mbele ya darubini kuangalia kama umebandika picha. Pete zile zimekaa sawa mno, ni ndogo mno, hazitikisiki. Shaka hiyo ni dalili njema, na mwenye darubini asiikimbilie kwa majibu. Mwachie achungulie mbele, aone kioo tupu, arudi kutazama tena.

Kuna jambo jingine hutokea pale ambalo wengi hulichukulia kuwa usumbufu. Kwa ukuzaji wa mara 150 hivi, sayari haikai katikati. Inasogea pembeni, na kwa muda wa dakika moja na ushei imeshatoka. Wenye darubini walio wengi huirudisha katikati upesi na kumwita anayefuata. Mimi huiacha itoke. Aliyeinama kwenye lenzi husema, "Inakimbia." Namwuliza ni nini kinachokimbia. Akinyamaza, nanyamaza naye. Baadhi hufika wenyewe: kinachozunguka ni ardhi waliyosimama juu yake, na kasi yake wanaiona pale kwa macho bila hesabu yoyote. Hapo namwambia ashike darubini aisukume mwenyewe aifuate, na ataisukuma upande usiofaa kwanza kwa sababu taswira imepinduka, kisha atazoea. Foleni ikinung'unika, acha inung'unike. Heri watu kumi walioisogeza darubini kuliko mia waliopitisha jicho na kusema "waoo".

John Dobson alilijua hili kabla ya wengi. Alikuwa mtawa huko California, akijisugulia vioo vya darubini kutokana na mabaki ya vioo vinene vya madirisha ya meli. Alipotoka utawani, mwaka 1968 yeye na vijana wachache walianza kuziweka darubini zao kando ya barabara mjini San Francisco na kuwaita wapita njia. Darubini yenyewe ilikuwa bomba la karatasi ngumu juu ya kitako cha mbao kinachozunguka. Wataalamu wa wakati huo walipenda mashine nzito zenye gia za kufuatilia nyota. Ya Dobson ilikuwa ya kusukumwa kwa mkono, na mtu yeyote mwenye msumeno na subira aliweza kujitengenezea. Muundo ule leo unatumika dunia nzima na unaitwa kwa jina lake. Alichogawa ni darubini na jinsi ya kuiunda, vyote kwa pamoja, na nadhani hicho cha pili ndicho kilichosafiri mbali zaidi.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii watu wa pwani waliisema kwa ajili ya vyombo vya baharini, lakini ingefaa ibandikwe kwenye kila onyesho la anga za juu, kwa sababu wapenzi wengi huonyesha kinachoelea na kuuficha uundaji.

Nikisema kazi sina maana ya vifaa vya gharama. Chukua mpira wa kikapu, uwe Dunia. Mpira wa tenisi uwe Mwezi. Uwiano wa ukubwa wao uko karibu sana na ukweli. Mpe mtu huo wa tenisi, mwambie asimame pale anapodhani Mwezi ulipo. Wengi husimama hatua moja, wakithubutu sana mbili, kwa kuwa hivyo ndivyo walivyozoea kuviona kwenye michoro ya vitabu. Mahali pake ni mita 7 na kidogo. Watu hurudi nyuma wakicheka, halafu kicheko kinaisha wanapogeuka na kuona ule mpira mwingine ulivyo mdogo kutoka pale. Sasa uliza Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kiko wapi, ambako binadamu wameishi mfululizo tangu Novemba 2000. Vidole huelekea katikati ya mipira miwili. Jibu: karibu kinagusana na ngozi ya mpira wa kikapu, milimita 7 au 8 tu juu yake.

Baada ya hapo ule msemo wa kwamba angani hakuna mvutano unaanguka bila kusukumwa. Iweje mvutano wa Dunia uishe kwenye milimita nane? Kwa hakika, katika kimo cha kilomita 400 bado ni karibu asilimia 90 ya ule tunaouhisi hapa chini. Wanaanga huelea kwa kuwa wao na kituo chao wanaanguka pamoja huku wakienda kwa kasi ya takriban kilomita 28,000 kwa saa, na kila wanapoanguka, ardhi nayo imepinda chini yao. Nimesikia maelezo haya yakitolewa kwa michoro mizuri na yasieleweke. Baada ya mipira, huulizwa na watu wenyewe.

Mipira hiyohiyo hutatua na uvumi wa Mirihi. Tarehe 27 Agosti 2003 sayari hiyo ilifika kilomita milioni 55.8 kutoka kwetu, ukaribu ambao haukuwa umetokea kwa karibu miaka 60,000. Zikaenea barua pepe kwamba itaonekana kubwa kama Mwezi, na tangu hapo uvumi huo umekuwa ukifufuka kila Agosti, hata miaka ambayo Mirihi iko upande wa pili wa Jua. Kwenye mfano wetu, Mirihi ya siku ile ni mpira wa sentimita 13 ulio umbali wa zaidi ya kilomita moja. Ionekane vipi sawa na mpira wa tenisi ulio mita saba?

Chanzo cha uvumi huo kinatuhusu. Sentensi ya mwanzo ilikuwa ya kweli: ukitazama Mirihi kwa darubini inayokuza mara 75, itaonekana kwa ukubwa unaouona Mwezi kwa macho matupu. Katika kupitishwa mkono hadi mkono, darubini ikaanguka njiani. Siamini kwamba walioiangusha walikuwa maadui wa sayansi. Adui wa sayansi hahangaiki kuwaamsha jamaa zake usiku wakaitazame Mirihi. Ni kazi ya watu waliopenda anga wakataka habari iwe tamu zaidi, na tamaa hiyo kila mmoja wetu anayo.

Inaonekana vilevile kwenye swali la fedha, ambalo mpenzi wa anga hulikwepa kwa ustadi. Mtu anauliza kwa nini mabilioni yapelekwe Mirihi wakati hapa chini kuna wenye njaa. Mpiga debe ana orodha tayari: bila safari za anga tusingekuwa na Teflon ya vikaango visivyogandisha chakula, tusingekuwa na Velcro ya kufungia viatu na mikoba. Teflon iligunduliwa mwaka 1938 na Roy Plunkett katika maabara ya kampuni ya DuPont, miaka 20 kabla NASA haijaundwa. Velcro ni wazo la mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, aliyetazama mbegu za mimea zenye vikulabu zilizong'ang'ania manyoya ya mbwa wake. NASA ilivitumia na kuvipatia umaarufu, basi. Anayejibu hivyo akikutana na mtu aliyesoma kidogo, amepoteza hoja pamoja na heshima, na anayo hoja ya kweli aliyoiacha nyumbani: setilaiti za Landsat zimekuwa zikipiga picha za mashamba, misitu na mito tangu 1972, na tangu 2008 picha zake ni bure kwa yeyote. Utabiri wa hali ya hewa wa leo haufikiriki bila setilaiti.

Halafu kuna yale yasiyo na faida ya mkononi. Kujua milima ya Pluto ilivyo hakumshibishi mtu. Ningependa tuseme hivyo waziwazi, tuongeze kwamba bajeti yote ya NASA ni chini ya nusu ya asilimia moja ya matumizi ya serikali kuu ya Marekani, kisha tumwache mwulizaji aamue. Huenda akaamua kwamba hata hiyo ni nyingi. Ana haki. Mazungumzo ambayo lazima yaishe kwa upande mmoja kushawishika ni biashara.

Na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Chombo cha NASA kilichotumwa Mirihi, Mars Climate Orbiter, kilipotea Septemba 1999 kwa sababu programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza, na nyingine ikazisoma kana kwamba ni za mfumo wa metriki. Sijaona kisa kinachofaa zaidi kwa mwanafunzi anayelalamika kukatwa alama kwa kusahau kuandika kipimo, lakini wenzangu wengi hawakitaji. Wanaona kinachafua jina. Kufeli kunasomeka kuliko kufaulu, kwa sababu kufaulu kunafunika viungo vyake.

Wakati mwingine kufeli kunafungua mlango wa mtu wa kujitolea kushika kazi. Septemba 2019 chombo cha India kiitwacho Vikram kilianguka wakati kikijaribu kutua Mwezini. NASA ilipoweka hadharani picha za eneo hilo zilizopigwa na chombo chake kinachouzunguka Mwezi, Shanmuga Subramanian, mhandisi wa Chennai aliyefanya hivyo kwa wakati wake, alikaa akilinganisha picha za kabla na za baada, doa kwa doa, hadi akaona nukta ambayo haikuwepo zamani. Akawaandikia. Desemba wakathibitisha kuwa ni mabaki. India ilitua salama kwenye safari iliyofuata, Agosti 2023, na nadhani watu waliokuwa wamefuatilia kuanguka kwa kwanza kwa undani kiasi hicho waliipokea habari ile tofauti na waliosikia tu kwamba nchi fulani imefaulu.

Hoja yangu ina upande wa pili unaouma: anayetoa kazi bure hutumiwa bure. Mwaka 2007 wanaastronomia waliokuwa na picha karibu milioni moja za galaksi waliwaomba watu wawasaidie kuzipanga kwa maumbo. Mpango uliitwa Galaxy Zoo. Ndani ya mwaka mmoja ulipokea majibu zaidi ya milioni 50 kutoka kwa watu wapatao 150,000. Kwa mishahara, kazi hiyo isingefanyika kabisa. Leo majibu ya namna hiyo yamefundishia kompyuta kupanga galaksi zenyewe, na mtu anaweza kuuliza kwa haki: kwani tulikuwa tunajifunza, au tulikuwa tunaifundisha mashine itakayotuondoa?

Nadhani jibu linategemea kama mtu aliruhusiwa kuvuka mstari wa kazi aliyopewa. Hanny van Arkel, mwalimu wa shule nchini Uholanzi, alikuwa akipanga galaksi kama wengine alipoona doa la buluu chini ya mojawapo. Hakuna kisanduku cha kujibu kilichokuwa na doa la buluu. Angeweza kubofya na kupita, maana ndivyo kazi ilivyotaka. Aliuliza ni nini. Lilikuwa wingu kubwa mno la gesi, linalong'aa kwa mwanga wa kiini cha galaksi ambacho chenyewe kilikuwa kimeshafifia, na wataalamu hawakuwa wakilijua. Linaitwa kwa jina lake hadi leo, na kwenye utafiti uliochapishwa jina lake limo pamoja na ya wanasayansi. Mpango uleule ulifichua pia udhaifu wa waliojitolea: walielekea kuona galaksi nyingi zaidi zikizunguka kinyume cha saa. Watafiti wakawapa picha zilezile zimegeuzwa kama kwenye kioo, na upendeleo ukabaki palepale, ikajulikana kwamba kasoro imo machoni mwetu na si mbinguni. Hilo nalo lilitangazwa wazi kwa washiriki. Ninaita hiyo heshima.

Kamera ya JunoCam kwenye chombo kinachoizunguka sayari ya Mshtarii tangu Julai 2016 ni mfano mwingine mzuri. Iliwekwa pale hasa kwa ajili ya umma. Picha zake huwekwa hadharani zikiwa ghafi, zenye mistari na rangi zilizofifia, na nyingi ya zile picha maarufu za dhoruba za Mshtarii zimesafishwa na watu wa kujitolea ambao majina yao huandikwa chini ya picha. Linganisha na mpango wowote unaokupa fulana, cheti na slaidi zilizokwisha andaliwa, kisha unatakiwa usome kilichoandikwa. Sitaji mipango hiyo kwa majina, kila aliyejitolea ameshakutana nayo. Ukiona huruhusiwi kusema "sikubaliani" wala kuuliza lisilo kwenye slaidi, basi debe unalipiga wewe na nauli anachukua mwingine.

Shule zinapozungumza na wanaanga kwa redio, jambo ambalo wapenzi wa redio wa kujitolea wamekuwa wakiliandaa tangu mwisho wa 2000, tofauti hiyo huonekana katika chumba kimoja. Kituo hupita juu ya upeo kwa takriban dakika kumi. Mbele yuko mtoto na kipaza sauti, swali lake limeandikwa na kukaririwa, na wapiga picha wote wanamwelekea yeye. Nyuma yuko mtu anayeigeuza antena kufuata kituo na kurekebisha masafa, kwa kuwa mawimbi yanayoshuka kwa megahezi 145.800 husikika juu kidogo kituo kinapokuja, kama kilohezi 3, na chini kwa kiasi hicho kinapoondoka. Mara nyingi huyo wa nyuma ni mtu mzima pekee. Ningewabadilisha nafasi. Kipaza sauti ni cha nusu dakika na hakitarudi, lakini mtoto aliyejifunza kuifuata antena anaweza kesho yake kuwasikiliza wanaanga wakizungumza na shule nyingine, kwa redio ya mkononi.

Linalotugawa zaidi sasa ni setilaiti zenyewe. Mei 2019 kampuni ya SpaceX ilirusha kundi la kwanza la setilaiti 60 za Starlink, na kwa usiku kadhaa watu waliona msururu wa nukta ukikatiza anga. Tangu hapo zimefika maelfu, na kampuni nyingine zinafuata. Zinawapa intaneti watu waliokuwa hawana. Pia zinachora mistari kwenye picha za darubini, na kila mmoja anayepiga picha za galaksi ameifuta mistari hiyo. Wapenzi wa anga tumegawanyika kama mashabiki wa timu: upande mmoja hautaki kusikia neno baya juu ya kampuni, mwingine hautaki kusikia jema. Ajabu ni kwamba sisi ndio tusio na sababu ya kuchagua upande. Msemaji wa kampuni ana mwajiri. Mwanasayansi ana ruzuku ya kuombea mwaka ujao. Mtu wa kujitolea hana mkataba wa kuogopea, na kuutupa uhuru huo ili kumtetea tajiri asiyemjua ni uamuzi nisioweza kuuelewa.

Kuna kitu cha kufanya hapa pia, tena cha haraka kuliko kubishana. Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulianzisha mwaka 2022 kituo cha kushughulikia athari za makundi haya ya setilaiti, na moja ya mambo yanayohitajika ni vipimo halisi vya jinsi zinavyong'aa, kwa sababu ahadi za kuzipunguza mwanga ni za watengenezaji wenyewe. Setilaiti ikipita, ilinganishe na nyota mbili za jirani ambazo mwangaza wake unajulikana, moja inayoizidi na moja inayozidiwa nayo. Andika tarehe, saa hadi sekunde, mahali ulipo na upande wa anga uliotazama. Ukiwa na mwenzako, kila mmoja aandike chake kwanza bila kumwonyesha mwingine, ndipo mlinganishe.